Mbwa Anakula Uchafu, Mwenye Mbwa Yuko Wapi?

Kuna jambo ambalo wafugaji wa mbwa hawapendi kulisema mbele ya wageni. Mbwa wa nyumbani, aliyeogeshwa jana akavishwa mkanda mpya shingoni, amekutwa nyuma ya choo akila kinyesi. Au amepasua mfuko wa taka na sasa anatafuna pampasi ya mtoto. Hupigwa teke, na mwenye mbwa hurudi ndani akiamini kazi imekwisha.

Teke halisaidii kitu. Mbwa anayepigwa akiwa na kitu mdomoni hujifunza kukimeza upesi, au kwenda kukilia mafichoni. Tazama kwanza bakuli lake. Mbwa wengi mitaani kwetu hulinda nyumba usiku kucha kwa ujira wa ukoko wa ugali, halafu tunashangaa wakijitafutia jalalani. Yupo anayeshiba lakini ana minyoo, au tumbo lake halisagi chakula sawasawa; huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Yupo aliyefungiwa bandani mchana kutwa, hana la kufanya. Watoto wa mbwa huonja kila kitu, na wengi huacha wakikua. Kwa wote hao, anza na hili: zoa kinyesi kila asubuhi, funika pipa la taka, lisha kwa saa zinazojulikana.

Mbwa kula uchafu ni karaha tu. Iko tabia mbaya zaidi, na hiyo hakuna anayeikemea: kumrushia mbwa maini na mapafu mabichi siku ya kuchinja. Mchinjaji anapasua ini, anaona vifuko vya maji, anasema hili halifai kuliwa na watu, analitupa. Mbwa analidaka. Ndani ya vifuko vile mna vijidudu vinavyokomaa utumboni mwa mbwa na kuwa minyoo tegu wadogo mno, hawafiki hata sentimita moja, na mayai yao hutoka na kinyesi. Mtoto akichezea manyoya ya mbwa kisha akala bila kunawa, anaweza kuyameza mayai hayo. Miaka baadaye kifuko kama kile kinakua ndani ya ini lake au pafu lake, na pengine hakitoki mpaka apasuliwe. Watu wa Turkana, Kenya, wanaujua ugonjwa huu, hidatidi. Mpango wa kuudhibiti ulianza huko mwaka 1983 kwa kazi ya shirika la afya la AMREF, na kuwapa mbwa dawa ya minyoo kulikuwa sehemu yake.

Wenye machinjio, yakiwamo yale ya vichochoroni, wazungushe uzio na kuteketeza viungo vilivyokataliwa. Anayechinja nyumbani achimbe shimo ambalo mbwa hawezi kulifukua, na akitaka kumpa mbwa ini, alichemshe nusu saa nzima. Dawa ya minyoo yenye prazikwanteli inauzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Muulize bwana mifugo kipimo cha mbwa wako, na umuulize pia irudiwe baada ya muda gani.