SHAMBA LA KUCHELEWA NALO NI SHAMBA

Ndugu wanaushirika, ndugu wanakijiji wote wa Ipuli,

Tunaandika habari hii kwa sababu ya maneno yanayosemwa kisimani, mnadani na kwenye vijiwe vya kahawa. Maneno yenyewe ni haya: eti wenzetu waliogawiwa vipande vya ushirika mwezi huu wa Februari wamepewa bure, msimu umeshakwisha, afadhali vipande vile wapewe wenye plau na maksai, watavilima vizuri mwakani. Sisi hatukubali. Tutaeleza kwa nini, na tutaanza na makosa yetu wenyewe, maana kiongozi anayeficha kosa lake hana haki ya kusema la mwenzake.

Vipande vile vya nusu ekari vilitakiwa vigawiwe mwezi wa Oktoba, kabla mvua haijadondoka. Havikugawiwa. Mkutano wa kwanza akidi haikutimia. Mkutano wa pili tukabishana juu ya mpaka, mti upi ni alama na mti upi siyo, mpaka jua likazama. Kabla ya mkutano wa tatu mvua ikanyesha, kila mtu akakimbilia shamba lake, na sisi wa kamati tukiwa mbele. Basi aliyechelewa si mjane aliyegawiwa kipande, wala si kijana aliyerudi kutoka mjini akiwa hana hata jembe. Tuliochelewa ni sisi. Sasa tumnyang'anye mtu shamba kwa kosa letu? Hiyo si haki, na wala si ushirika.

Haya, tuje kwenye hoja yenyewe. Je, ni kweli msimu umekwisha? Hebu tuhesabu.

Hapa Tabora tuna msimu mmoja tu wa mvua. Zinaanza Novemba, zinakatika Aprili. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Bukoba. Mahindi yetu ya kawaida yanataka kama miezi minne. Ukiyapanda leo, mwisho wa Februari, yatatoa mbelewele na ndevu karibu na mwisho wa Aprili, na hapo ndipo hindi linapodai maji kuliko siku zote. Lakini mvua itakuwa imeshaaga. Utavuna mabua, na mbegu uliyonunua kwa fedha imepotea. Kwa hiyo anayesema msimu umekwisha, kwa mahindi anasema kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba shamba maana yake ni mahindi tu.

Viazi vitamu je? Marando ukiyapandikiza sasa kwenye tuta lenye unyevu yanashika, yanafunika ardhi, na baada ya miezi minne hivi unachimba. Wakati huo ni kiangazi, jua kali, hakuna mvua ya kuozesha kitu. Utachemsha, utakata, utaanika, upate matobolwa. Au utakata vibichi, uanike, upate michembe. Ukiihifadhi pakavu utaila hadi Desemba na Januari, miezi ile ambayo ghala ni tupu na watoto wanauliza. Matembele nayo ni mboga, utaanza kuyachuma mapema kabla ya kiazi chenyewe.

Kunde za muda mfupi zinakomaa kwa siku 70 hivi. Ukizipanda wiki hii, mwanzoni mwa Mei zinaanika maganda. Choroko vilevile. Mihogo nayo inahitaji mvua ya kutosha tu ili itoe mizizi. Ikishashika inavumilia kiangazi chote na kukungoja mwaka ujao. Basi mtu mwenye nusu ekari na jembe la mkono anaweza kuigawa hivi: sehemu kubwa matuta ya viazi, pembeni kunde, na mstari wa mihogo mpakani. Hatatajirika. Lakini Januari hatakwenda kuomba debe la mahindi kwa riba.

Tena kuna faida ya pili ambayo watu hawaihesabu. Sisi Wanyamwezi ni watu wa matuta tangu zamani. Unapokata nyasi na kuzifukia ndani ya tuta, zinaoza na kuwa mbolea. Anayefukia nyasi zake sasa, zikiwa mbichi na ardhi ni laini, atakuta Novemba ardhi imelainika na visiki vimeng'olewa. Anayengoja, Oktoba atakuta pori limekauka na ardhi ni ngumu kama tofali, na mvua ya kwanza itamkuta bado anafyeka. Huyo atachelewa tena, na mwaka wa tatu vilevile. Wahenga walisema ajizi nyumba ya njaa.

Babu zetu walilijua jambo hili. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakibeba pembe kwenda Bagamoyo walipenda kusafiri kiangazi, ili mvua iwakute nyumbani na jembe mkononi. Mtu aliyekawizwa njiani hakuweza kuliambia wingu limngoje. Aliyechelewa kurudi ilimbidi apande kile ambacho mvua iliyobaki ingekubali.

Wazee wetu wanakumbuka pia mwaka 1974. Operesheni ya kuhamia vijijini ilikuwa imepamba moto, na mahali pengi nchini watu walifikishwa kwenye makazi mapya wakati wa kulima umeshafika, hawana shamba lililofyekwa. Mvua nazo zilikuwa mbaya mwaka ule na mwaka uliotangulia. Serikali ikalazimika kununua nafaka nje. Ndipo ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, hata wafanyakazi wa mijini wakaambiwa washike majembe, na watu wakahimizwa mihogo, mtama na viazi kwa sababu vinavumilia. Hatusemi yote yalikwenda sawa. Kumhamisha mtu wakati wa kulima lilikuwa kosa, kama letu la Februari lilivyo kosa. Tunalokumbusha ni kwamba kosa la kuchelewa haliponi kwa kukaa. Linapona kwa kuchagua zao linalofaa siku zilizobaki.

Katika mkutano uliopita ndugu mmoja alisimama akasema kwamba kumpa mtu shamba Februari ni kumpa jembe bila mpini. Watu wakacheka, na sisi tulicheka. Lakini tulipofika nyumbani tukafikiri: mtu aliyepewa jembe bila mpini anafanya nini? Anakwenda porini, anakata mpini. Harudishi jembe.

Yapo mawili ambayo mwenye shamba la kuchelewa hawezi kuyashinda peke yake, na hapa tunasema na kijiji kizima.

La kwanza ni mbegu. Marando hayanunuliwi dukani. Wenye viazi vilivyokwisha kutambaa wapo wengi hapa kwetu. Tunawaomba kila nyumba itoe mzigo mmoja tu. Ukikata marando ya urefu wa mkono hadi kiwiko kutoka kwenye ncha, shina haliathiriki sana, linachipua tena.

La pili ni mifugo, na hili ni zito. Nyote mnajua desturi yetu: mahindi yakishavunwa, ng'ombe na mbuzi wanaachiwa waingie mashambani wale mabua. Lakini viazi vya mwenzetu wakati huo bado vimo ardhini, na marando yake ni ya kijani wakati kila kitu kimekauka. Ng'ombe atakwenda wapi? Adui wa kwanza wa shamba la kuchelewa ni jua, na adui wa pili ni ng'ombe wa jirani. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: vipande vya ushirika vizuiliwe mifugo mpaka mwisho wa Agosti, na mwenye mifugo itakayoingia alipe kama anavyolipa ikiingia kwenye mahindi ya Machi. Baadhi yetu wa kamati tuna ng'ombe. Sheria hii ituanze sisi.

Nanyi mliogawiwa vipande, msikae mkingoja kutetewa. Marando yapandwe kabla mwezi wa Machi haujafika katikati, kwa sababu baada ya hapo hata viazi vitalalamika. Mbegu ya mahindi iwekeni, ni ya Novemba. Msikope mbolea kwa zao ambalo mvua haitalifikisha. Ardhi ikianza kupasuka, rudishieni udongo kwenye matuta, maana mdudu wa viazi anaingia kwenye nyufa. Na asiyejua kupiga tuta asione haya kumwuliza jirani.

Kuona haya tunakujua sana. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, lakini sisi tunaoandika hapa tulikaa darasani baadaye sana, tukiwa na mvi na watoto wetu wakiwa wazazi. Wapo waliotucheka, wakasema mtu mzima anayejifunza a-e-i-o-u atasoma lini gazeti. Kweli, ualimu hatukuupata wala hatutaupata. Lakini leo mizani ya ushirika ikisoma kilo, tunaisoma wenyewe, hatudanganywi. Tulichelewa kwa mengi, tukavuna kinachovunika.

Basi wiki ijayo, siku ya Jumamosi asubuhi, tukutane wote kwenye vipande vya ushirika, kila mtu na jembe lake na mzigo wake wa marando. Tutaanza na vipande vya wajane, halafu vya vijana. Kamati itatangulia kufika. Safari hii hatutakimbilia mashamba yetu.

Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya wenzake wa kamati,
Ipuli