Tiketi mbili, watoto wawili na dawa ya pumu

Mama anasafiri na watoto wawili, mmoja ana pumu. Tiketi ya Mwanza hadi Dar es Salaam ameikata peke yake, na ya kwenda Muscat akaikata shirika jingine kwa sababu ni nafuu. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halilazimiki kumsubiri. Kwao ni abiria ambaye hakutokea.

Hata akifika kwa wakati, mizigo haiendi yenyewe. Ataisubiri Jengo la Pili, avuke na watoto hadi Jengo la Tatu, apange foleni upya, na kaunta hufungwa mapema, mara nyingi saa nzima kabla ya ndege kuruka. Kuacha saa mbili tu katikati ni kamari. Heri walale Dar es Salaam kwa ndugu, hata kama shangazi atalalamika hawakai.

Inhela isiwekwe kwenye begi kubwa. Likibaki Mwanza, mtoto akibanwa kifua usiku huo mama atashika nini? Ikae mkobani, ndani ya boksi lake lenye jina la mtoto, pamoja na barua ya daktari, maana wakaguzi huuliza.