Kabla ya kumpeleka mama kituoni, uliza karatasi

Wiki iliyopita, kwenye basi la kutoka Sumbawanga kwenda Kasanga, nilikaa na dada mmoja aliyeshikilia bahasha njia nzima. Mama yake ni mjane, anaishi peke yake Kasanga. Ameanza kusahau. Mara mbili ameacha moto ukiwaka jikoni akaenda zake ziwani. Watoto wote wako mbali.

Wakapata mtu Sumbawanga anayefungua kituo cha kutunzia wazee. Anataka ada ya miezi sita mkononi. Ndugu walikuwa wamekubaliana wauze mtumbwi na injini aliyoacha baba yao.

"Wamesajiliwa, mama," aliniambia, akanionyesha nakala ya cheti. Kilikuwa cha BRELA.

Wazazi wenzangu, hapa ndipo wengi tunapoteleza. BRELA husajili kampuni na majina ya biashara. Cheti chake kinaonyesha kwamba biashara hiyo ipo kisheria. Hakisemi kama wenyewe wanajua kumwogesha mzee, kumpa dawa kwa wakati au kumzuia asitoke usiku. Hata cheti cha asasi iliyosajiliwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya 2002, peke yake hakikuhakikishii malezi.

Swali kubwa ni hili: nani amewaruhusu kulaza wazee, na nani huja kuwakagua? Masuala ya wazee yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Huku kwetu, mlango wa kubisha ni wa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri kilipo kituo. Ukiwa Kasanga, unaweza kuanzia Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, upate maelekezo.

New Zealand wana sheria ya vijiji vya wastaafu ya mwaka 2003. Mwendeshaji lazima akisajili kijiji chake kwa msajili, na ampe mzee maelezo ya maandishi kabla ya mkataba. Mzee hasaini mpaka aelezwe na mwanasheria asiye wa upande wa kijiji. Akishasaini, ana siku 15 za kazi za kubadili mawazo na kurudishiwa fedha zake. Sisi tunaweza kuazima maswali yao:

1. Kibali cha kutunza wazee kiko wapi, na nani alikagua mara ya mwisho?
2. Ada inalipia nini, na kipi tutalipa pembeni?
3. Mzee akiugua, akitaka kuondoka au akifariki, fedha iliyobaki inarudi kwa nani?
4. Usiku analala naye nani, na ndugu wanaruhusiwa kuja bila taarifa?

Majibu yawe kwenye maandishi. Anayekuharakisha ulipe leo, mwache.

Lipo na swali la tano, la kumuuliza mama mwenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaiweka familia mbele katika kumtunza mzee. Makazi ni njia ya mwisho, pale zingine zinaposhindikana.

Siku ya tatu dada alinipigia simu. Afisa wa ustawi hakitambui kituo kile. Na mama alipoulizwa alijibu, "Huko juu kuna baridi, na nani atanisemesha Kilungu?"

Injini haijauzwa. Binti wa mjomba wao amehamia pale nyumbani, na ndugu wanne wanachanga kila mwezi kumlipa. Mama bado anasahau, na dada bado hana usingizi mzuri. Lakini jioni kuna mtu wa kuuzima ule moto.