KARIAKOO: ROBOTA LINA CHUMBA, BINADAMU HANA!

Ndugu msomaji, kama unalisoma gazeti hili ukiwa umekaa barazani Mtaa wa Congo, au umeegemea mkokoteni pale Msimbazi, hebu inua macho utazame juu. Hesabu madirisha. Ghorofa hili lina sita, lile nane, lile la kona kumi. Sasa jiulize: nyuma ya madirisha yale analala nani?

Nitakuambia. Vimelala vitenge, viatu vya plastiki, maboksi ya vipodozi na spea za pikipiki. Vimefungiwa kufuli, vina mlinzi, vina taa usiku kucha. Wewe uliyevipandisha kwa mgongo wako hadi ghorofa ya tano unalala Chanika, watu watatu chumba kimoja, na saa kumi alfajiri uko kituoni unagombea daladala ili uwahi kuja kuvishusha.

Huo ndio mji tuliojengewa na wakubwa wetu. Mzigo una chumba, mbeba mzigo hana.

Kipato cha kutwa, kodi ya mwaka

Mimi mwenyewe nimewahi kutafuta chumba Kariakoo. Sikutaka makubwa. Chumba kimoja, choo cha kuchangia uani, umeme wa kuchangia, basi. Dalali akaanza na elfu kumi yake ya "kuonyesha". Nikatoa. Tukaenda nyuma ya Mtaa wa Narung'ombe, kwenye nyumba ya zamani. Chumba chenyewe kilikuwa nusu ya chumba, kimekatwa kwa mbao laini. Dirisha lilikuwepo, lakini ukilifungua unagonga ukuta wa ghorofa la jirani. Kodi Sh 120,000 kwa mwezi. Nikasema si haba, nitajibana.

Ndipo dalali akamalizia: "Mama anapokea ya mwaka."

Piga hesabu nami. Miezi 12 kwa Sh 120,000 ni Sh 1,440,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Jumla Sh 1,560,000, na hujanunua hata godoro. Chukulia kijana wa dukani anayelipwa Sh 200,000 kwa mwezi. Akila hewa, akitembea kwa miguu, asiugue, asimtumie mama yake kijijini hata senti, itambidi akusanye karibu miezi minane ndipo aoneshwe ufunguo. Miezi minane hiyo analala wapi?

Wapo wenzetu wanaolala humo humo dukani. Tajiri anafunga kwa nje, anaondoka na funguo, kijana anabaki ndani na mali. Anaambiwa amesaidiwa malazi. Sote tunakumbuka Soko Kuu la Kariakoo lilivyowaka usiku wa Julai 10, 2021. Siku moto ukianzia kwenye duka lililofungwa kwa nje, nani atamfungulia huyo aliyesaidiwa malazi?

Kipato chetu ni cha kutwa, kodi tunadaiwa ya mwaka. Hapo ndipo kijana wa Kitanzania anaponyongwa, tena bila kelele.

Usimlaani bibi wa watu

Najua wengi mnamlaumu mwenye nyumba. Mimi nasema tusikosee adui. Mtazame yule bibi mwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Anakuja mfanyabiashara, anamwambia, "Bibi, vyumba vyote sita nachukua viwe stoo, kodi ya mwaka hii hapa." Robota halipiki, halimalizi maji, halichelewi kurudi usiku, haliugui wala haligombani na jirani. Ungekuwa wewe ungemchagua nani?

Kesho bibi akifariki, warithi wanauza au wanaingia ubia na mwenye fedha. Nyumba inavunjwa, linapanda ghorofa la maduka chini na stoo juu. Wapangaji wanaambiwa wahamishe vitanda. Mwenye nyumba hajavunja sheria yoyote. Na kosa liko hapo hapo, maana sheria ya kumzuia haipo!

Iliyeyuka vipi?

Vijana wengi hamjui kwamba nchi hii ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilikuwepo ya mwaka 1984, ikaweka mipaka ya kodi, na kila mkoa ukawa na Baraza la Nyumba la kusikiliza mashauri ya wapangaji na wenye nyumba. Mwaka 2005 sheria hiyo ikafutwa. Ilifutwa na Bunge lililojaa wabunge wa chama kile kile kinachojiita cha wakulima na wafanyakazi. Tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wameachwa wakubaliane wenyewe. Ni makubaliano gani kati ya mwenye ufunguo na mwenye begi mgongoni?

Watetezi wao watakurupuka: "Hili ni soko huria! Sheria ile iliua ujenzi, kodi ilikuwa haitoshi hata kubadilisha bati!" Nakubali, sheria ile ilikuwa na kasoro. Mashauri yalichelewa, na kilemba kilitolewa mlango wa nyuma. Lakini jipu hutumbuliwa, mguu haukatwi. Hatudai kodi zirudi kwenye bei za 1984. Tunadai namna ya kulipa ifanane na namna tunavyopata. Mwezi kwa mwezi, au isizidi miezi mitatu. Hapo bibi atakula, na kijana atalala.

Uwezo upo, nia haipo

Wakikuambia serikali haina uwezo, waulize habari za Magomeni Kota. Wakazi wa pale walihamishwa, wakasubiri miaka, na mwaka 2022 zikafunguliwa nyumba 644 zilizojengwa na serikali yenyewe katikati ya jiji. Kumbe inawezekana! Ila ukisikia 644 katika jiji la mamilioni, ujue hilo ni tone tu.

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 ili mtu wa kipato kidogo apate pa kuishi. Mwaka 1971 yakataifishwa majumba yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika hilo. Majumba hayo yametapakaa Kariakoo, Upanga na mjini kati. Ni mali ya umma, yaani yako wewe. Sasa tunauliza bila woga: katika viwanja hivyo vya umma, linapopangwa kujengwa ghorofa jipya, kwa nini sakafu mbili tu zisiwe za vyumba vya kupanga vya mtu mmoja mmoja? Au kwenye michoro yao kijana asiye na mke wala gari si mwananchi?

Jina lenyewe linawasuta

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mahali hapa palipewa jina la watu waliobeba mizigo, na wapagazi wale walikuwa na kambi, walikuwa na pa kulala. Miaka zaidi ya 100 baadaye, tena katika nchi huru, mpagazi wa Kariakoo hana hata hiyo kambi!

Na chama cha TANU kilizaliwa hapa hapa, Julai 7, 1954, katika mtaa unaoitwa leo Lumumba. Kilikuzwa na makabwela wa vyumba vya kupanga, waliotoka kazini jioni wakaenda mkutanoni kwa miguu kwa sababu walikaa jirani. Warithi wa chama hicho wangali na ofisi yao Lumumba. Dirishani wanamwona kijana anasukuma mkokoteni. Usiku analala wapi, hawaulizi.

Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo mchana kweupe, watu zaidi ya 20 wakafa. Serikali ikaunda tume. Tume tumezizoea. Tulichojifunza ni kwamba Kariakoo kila futi inapimwa kwa fedha, na uhai wa mtu unakuja mwisho.

Basi kijana mwenzangu, acha kunung'unika kijiweni. Usitoe senti bila mkataba wa maandishi na stakabadhi. Wapangaji wa nyumba moja mkae pamoja, mwende kwa mwenye nyumba kwa sauti moja. Mmoja atafukuzwa, sita hawafukuziki. Na akija mheshimiwa na fulana, kofia na sahani ya pilau, mwulize swali moja tu: "Sheria ya kodi ya mwezi kwa mwezi utaipeleka lini bungeni?" Akianza kukuhadithia amani na utulivu, mrudishie fulana yake.

Mgongo uliobeba Kariakoo unadai pa kulala Kariakoo. Hatuombi, tunadai!