Makumbusho Yasiishie Makaburini

Mjini Songea, kwenye makaburi ya mashujaa zaidi ya 60 wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari, 1906, ipo nyumba ya kumbukumbu. Ilianzishwa mwaka 1980, na mwaka 2010 ikakabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa. Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo akaomba msamaha. Hiyo ni heshima wanayostahili mashujaa wetu.

Lakini urithi wa Ruvuma si vita peke yake. Huko Mbinga, Wamatengo wamelima milima mikali kwa ngoro tangu enzi za mababu. Wanaume hupanga majani kwa miraba. Wanawake huchimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Mashimo huzuia maji ya mvua yasichukue rutuba, na juu ya matuta hupandwa maharage, kisha mahindi. Huo ni utaalamu uliobuniwa na wakulima wenyewe. Chini ziwani, kutoka Mbamba Bay hadi Liuli, wanaume hucheza mganda na wanawake kioda.

Mkuki huhifadhiwa kabatini. Ngoro haiingii kabatini, wala mganda. Mzee akifariki bila kumrithisha kijana maarifa yake, hakuna kabati litakaloyarejesha.

Wapo watakaouliza: je, huku si kufufua ukabila? La hasha! Ukabila ni kulitumia kabila kumnyima mwenzio haki. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitaka yatafutwe yaliyo mema katika mila za makabila yote, yawe mali ya taifa zima. Mkulima wa mteremko wowote nchini anaweza kujifunza ngoro bila kuwa Mmatengo.

Kwa hiyo walimu na maofisa utamaduni wa Mbinga na Nyasa wasingoje jengo wala fungu la fedha. Shamba la shule na lilimwe ngoro, wazee wakiwa wakufunzi. Wanafunzi na waandike masimulizi ya bibi na babu zao, nakala zitunzwe shuleni na nyingine zipelekwe Songea.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Mashujaa wale walikataa utumwa wakauawa. Sisi tusiuingie kwa uzembe.