Ushamba Haujamshinda Mtu Muscat

Msichana akirudi kutoka Oman kabla ya miaka miwili ya mkataba kwisha, hukumu yake huwa tayari hata kabla hajashusha begi stendi ya Misuna. Alishindwa kujiongeza. Mshamba yule, hata Singida mjini alikuwa anapotea. Mbona wenzake wametoboa? Maneno hayo husemwa vijiweni, husemwa kwenye vikoba vya akina mama, na kibaya zaidi husemwa na ndugu zake mwenyewe, wale wale waliochanga nauli.

Nyuma ya maneno hayo kuna imani ambayo wengi hawajawahi kuitilia shaka: kwamba mji wa ugenini huzoewa na mwenye akili na moyo mgumu, na anayeshindwa kasoro ni yake. Imani hiyo haina ukweli. Isitoshe, ina wanufaika wake: wakala aliyempeleka, mwajiri aliyemfungia ndani, na ofisi zilizotakiwa kumfuatilia. Wote hao hupona pale lawama yote inapomwangukia binti mmoja.

Hebu atazamwe vizuri huyo anayeitwa mshamba, tuseme binti wa Mwankoko. Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida, nchi ya Wanyaturu, ya alizeti, mtama, uwele na kuku wa kienyeji wanaosafirishwa kwa matenga hadi Dar es Salaam. Visima virefu vya Mwankoko ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya maji ya bomba ya mji wa Singida, kwa hiyo wanaowaita watu wa kule washamba huwaita hivyo koo zikiwa zimelowa maji yao. Mtoto wa Mwankoko hukua na Kinyaturu nyumbani. Akianza shule anakutana na Kiswahili, na akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na hakuna anayemuuliza kama yuko tayari. Akiwa na miaka kumi na mitano ameshahama lugha mara mbili, ameshauza kuku kwa mchuuzi mjanja na ameshajua bei ya kukataa. Mtu huyo hahitaji kufundishwa kuzoea mambo mapya. Amekuwa akiyazoea tangu darasa la kwanza.

Bila shaka Muscat si Singida. Singida iko juu, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake unajulikana nchi nzima. Muscat mwezi wa Juni joto hupita nyuzi 40, na mtu hutoka kwenye kiyoyozi akadhani amefungua mlango wa tanuri. Chakula ni kingine, mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, mlenda haupo. Mashine ya kufulia ataikosea, pasi ya mvuke itamuunguza kidole. Lakini hayo ni mambo ya wiki chache. Hakuna aliyewahi kupanda ndege ya kurudi kwao kwa sababu ya mashine ya kufulia.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania huko Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50 waliowahi kufanya kazi hiyo. Karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa. Wapo waliofanya kazi hadi saa 21 kwa siku bila siku ya mapumziko, wapo waliolipwa pungufu ya walichoahidiwa, na wapo waliopigwa na kudhalilishwa. Chini ya mfumo wa kafala, kibali cha mfanyakazi kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri wake, na akiondoka nyumba ile bila ruhusa anageuka mtoro mbele ya sheria. Sasa aambiwe mwanamke wa namna hiyo ajiongeze. Ajiongeze vipi, na saa ngapi, kama kati ya saa 24 anabakiwa na tatu za kulala?

Hapo ndipo imani ya vijiweni inapoanguka. Kuzoea mji kunataka mji wenyewe uonekane. Mtu anauzoea mji kwa kutoka nje, kupotea njia, kuuliza, kununua kitu kwa bei ya kuibiwa na kesho yake kukinunua kwa bei halali. Anayeishi Muscat miezi minane bila kuvuka geti hajawahi kuishi Muscat, ameishi jikoni. Simu ikichukuliwa siku ya kwanza, hata ile sauti ya WhatsApp ya mama yake haimfikii, na nyumbani wanaanza kusema amejisahau.

Watetezi wa imani hii wana methali yao: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Yupo Mswahili mmoja aliyeifuata karibu neno kwa neno. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki. Alijifunza Kijerumani, akafanya kazi ya heshima, na sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 ni kazi yake. Mwaka 1904 alimuoa Bertha Hilske, Mjerumani. Nini zaidi angefanya? Wanafunzi wa Kijerumani walimdharau darasani kwa rangi yake mpaka akaacha kazi. Mwaka 1905 alipanda meli na mkewe kurudi Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikakataa kuwaruhusu wakae Dar es Salaam, kwa sababu Mwafrika mwenye mke mzungu lilikuwa jambo lisilovumilika. Akarudi Ujerumani, akaishi kwa mihadhara na vibarua vya lugha hadi alipofariki Berlin mwaka 1927. Jicho alilivunja, na wenye chongo hawakumpokea.

Na kama tatizo ni ushamba, basi Sayyida Salme binti Said angeizoea Hamburg kwa wiki moja. Alizaliwa jumba la Mtoni, Zanzibar, mwaka 1844, binti wa Sultani. Alijifundisha kuandika kwa siri akiwa mtoto, kwa kunakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1867 aliolewa Aden na mfanyabiashara Mjerumani, akabatizwa Emily, wakahamia Hamburg. Miaka mitatu baadaye mumewe aligongwa na tramu akafa, naye akabaki na watoto watatu katika nchi ambamo hakuwa na ndugu hata mmoja. Barua alizoandika kuhusu maisha hayo zimejaa baridi na upweke. Elimu alikuwa nayo, ukoo alikuwa nao. Alichokosa ni mtu wa kwao wa kubisha mlango.

Kuna ushauri mwingine ambao hutolewa kwa sauti ya busara: ukifika ugenini, kaa mbali na Watanzania wenzako, ndipo utazoea haraka. Muscat yenyewe inaukanusha ushauri huo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Waarabu wengi wa Zanzibar walikimbia, na Sultan Qaboos alipochukua madaraka Julai 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Wengi waliorudi kutoka Afrika Mashariki walikuja na Kiswahili na Kiingereza, na Kiarabu cha kubabaisha. Walichekwa, walitiliwa shaka, waliitwa Wazanzibari. Lakini hawakutawanyika wala hawakukitupa Kiswahili. Walioana wao kwa wao, walisaidiana kupata kazi, walipika mandazi na mishkaki, na leo, zaidi ya nusu karne baadaye, Kiswahili bado kinasikika katika sebule za Muscat. Walizoea kwa sababu walipewa uraia, nchi ilihitaji ujuzi wao, na walikuwa na watu wao. Hakuna aliyewataka wavunje jicho kwanza.

Uchungu wa jambo hili unaonekana zaidi katika nyumba ambazo sebuleni panaongewa Kiswahili na jikoni yupo dada kutoka Tanzania. Mama mwenye nyumba na mfanyakazi wake wanaelewana kila neno, pengine hata utani wa Kiswahili wanaujua wote. Mmoja ni mwenyeji. Mwingine, baada ya mwaka mzima, bado ni mgeni asiyejua duka la kona liko upande gani. Lugha ni ile ile na mji ni ule ule. Tofauti yao iko kwenye droo ambamo pasipoti imefungiwa.

Wala safari ya Oman si mwanzo wa kisa. Ugenini wa kwanza wa mabinti wengi wa Singida ni Dar es Salaam, na huko nako wenyeji wameshaandaa jina: beki tatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki. Waulizwe akina mama wa Sinza na Mbezi, dada wa nyumbani kwao hupumzika siku gani. Wengi watajibu kwa kicheko, kisha watasimulia jinsi alivyofika hajui kuwasha jiko la gesi. Jiko alilijua siku ya pili. Jumapili ndiyo hajaipata mpaka leo. Anayelaani waajiri wa Uarabuni na kumnyima dada wa kwake Jumapili hana tofauti nao isipokuwa nauli ya ndege.

Ulimwengu umeshaliona hili. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani, unataka mfanyakazi akae na hati zake za kusafiria mwenyewe na apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Waliouandika hawakuweka kifungu cha kumtaka mfanyakazi awe mwerevu. Walijua ufunguo uko mkononi mwa nani.

Kwa hiyo mzazi wa Mwankoko atakayeletewa wakala sebuleni kwake asipoteze jioni nzima kumuusia mtoto kuwa mvumilivu. Amgeukie wakala. Pasipoti atakaa nayo nani? Siku ya mapumziko ni ipi, na akiwa mapumzikoni anaruhusiwa kutoka? Mkataba uko wapi, na nakala yake ya Kiswahili iko wapi? Simu yake itabaki mkononi mwake? Namba ya Ubalozi wa Tanzania Muscat iandikwe mahali pawili, kwenye simu na kwenye karatasi iliyoshonwa ndani ya nguo. Wakala akianza kusema mambo hayo yatajulikana huko huko, aonyeshwe mlango. Na binti aliyekwisha kurudi kabla ya wakati, apokewe begi, apewe chai, na aulizwe alifanyiwa nini.