"Utazoea tu" si somo la klachi

Mtu akikabidhiwa gari la manyuali lenye klachi sumbufu, likamzimikia mara tatu pale pale getini, kila aliyesimama karibu humwambia neno moja: utazoea. Fundi husema hivyo, bosi husema hivyo, mwalimu wa udereva husema hivyo, hata mlinzi wa geti ambaye hajawahi kushika usukani husema hivyo. Na kweli huzoea. Siku zinapita, gari halizimiki tena wala haliruki, na jambo linahesabiwa kuwa limekwisha. Nadhani hapo ndipo linapoanza. Mguu unaweza kuizoea klachi kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, na ile nyepesi, ambayo mtu huiangukia mwenyewe asipoelekezwa, ndiyo inayokula pleti, inayoficha ubovu, na inayomwacha dereva hajui kitu siku atakapopewa gari jingine.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana mabishano mengi kuhusu klachi hufanywa na watu ambao hawajawahi kuiona imefunguliwa. Injini ikiwa imewashwa haiwezi kusimama. Hata mafuta yasipokanyagwa, ya gari dogo la petroli huzunguka kama mara 700 hadi 900 kwa dakika. Matairi nayo yamesimama kabisa. Kazi ya klachi ni kuzikutanisha pande hizi mbili bila kuiua injini. Kuna sahani, ambayo mafundi huiita pleti, yenye utando mgumu wa msuguano pande zote mbili. Presha pleti huikandamiza sahani hiyo kwenye flaiwili, gurudumu zito lililofungwa kwenye injini. Dereva akikanyaga pedeli, beringi inasukuma springi, mkandamizo unaachia, na injini inazunguka peke yake. Akiachia taratibu, mkandamizo unarudi. Katika safari yote ya pedeli kutoka sakafuni hadi juu, sehemu yenye kazi ni sentimita chache tu, kuanzia pale pleti inapogusa mpaka inaposhika kabisa. Kwingine kote mguu unasafiri bure. Klachi inayolaumiwa kuwa sumbufu, mara nyingi, ni ile ambayo sehemu hiyo iko juu au chini kuliko dereva alivyozoea, au ni fupi mno, au springi yake ni ngumu kiasi kwamba mguu unaanza kutetemeka kabla haujafika.

Sasa mtazame dereva anayeachwa azoee mwenyewe. Anachokiogopa si kuharibu pleti. Anaogopa gari kumzimikia kwenye taa, daladala tatu nyuma yake zikipiga honi na konda wa mojawapo akitoa maoni. Anagundua upesi kwamba akikanyaga mafuta ya kutosha, injini haizimi hata akiachia klachi vibaya. Basi anapiga resi kwanza, kisha anaiachia klachi kwa uoga, na gari linaondoka. Aliye pembeni anaona amejua. Lakini hesabu ya jambo hilo ni kali kuliko inavyodhaniwa, na ni fizikia ya sekondari. Pleti haiachi kuteleza mpaka kasi ya gari ilingane na mizunguko ya injini. Kwenye barabara tambarare, kama injini inashikiliwa kwenye mizunguko ile ile, joto linalobaki kwenye klachi wakati wa kuondoka hukaribia kuwa sawa na nishati ya mwendo ambayo gari limepewa, na nishati hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Kwa hiyo anayeondoka injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika badala ya 800 hazalishi joto mara tatu. Anazalisha mara tisa. Zidisha hiyo kwa idadi ya mara ambazo gari husimama na kuondoka kati ya Mbagala na Posta jijini Dar es Salaam asubuhi ya Jumatatu, ongeza na zile dakika anazolizuia gari kwenye mwinuko kwa klachi badala ya breki, utaelewa kwa nini pleti mpya inaweza kuanza kunuka kuungua mapema.

Njia ya pili inahitaji uwanja mtupu ulio tambarare, muda mfupi, na mtu wa kusema: usiguse mafuta. Gari linawekwa gia ya kwanza. Dereva anaiachia pedeli kidogo kidogo mpaka sauti ya injini ishuke na bodi ijikaze, kisha mguu unasimama hapo hapo. Gari linaanza kutambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Anakanyaga, linasimama, anarudia, halafu anafanya vivyo hivyo kwa rivasi. Hiki ndicho wanafunzi wa udereva hukiita kubalansi, ila mara nyingi hufundishwa kubalansi klachi na mafuta kwa pamoja tangu siku ya kwanza, jambo ambalo naliona ni kosa la ufundishaji. Miguu miwili ikifanya kazi mpya kwa wakati mmoja, gari likizima mwanafunzi hawezi kujua ni upi uliokosea, na atakayesahihishwa siku zote ni ule wa kulia, kwa sababu mafuta mengi huficha kila kosa. Kabla ya yote hayo kuna kiti. Kikiwa mbali, mtu anaikanyaga pedeli kwa ncha za vidole na nyonga inahama kila anapoifikisha sakafuni. Hapo hata klachi nzuri itaonekana ina wazimu. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Kandambili ziachwe pembeni. Ushauri wa kuegemeza kisigino sakafuni unafaa gari dogo, lakini kwenye Fuso au Coaster pedeli ina safari ndefu na mguu mzima huinuka, kwa hiyo aliyetoka kwenye gari dogo ajue kwamba ni paja linalofanya kazi sasa, na si kifundo.

Watakuwepo wa kusema kwamba kuondoka bila mafuta ni mchezo wa uwanjani. Wana sehemu ya haki. Injini ndogo ya zamani yenye kabureta huzima kwa urahisi. Zile zenye mfumo wa umeme wa kupimia mafuta hujiongezea zenyewe zinapohisi mzigo, na za dizeli huvumilia zaidi. Kwenye vilima vya Mwanza, au kwenye kona za kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, hakuna anayeondoka bila kukanyaga mafuta, na hendibreki ndiyo inayomzuia asirudi nyuma. Lakini hoja si kwamba mtu aendeshe hivyo maisha yake yote. Mlimani ndiko anakohitaji zaidi kujua mahali pleti inaposhika, kwa kuwa hendibreki inapaswa kuachiwa pale pale, si kabla. Asiyepajua atakisia kwa mafuta, na gari lililo nyuma yake ndilo litakalompa majibu.

Pingamizi linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi ni lile la madereva wakongwe: sisi hatukufundishwa haya yote, tulizoea tu, na leo tunashusha Scania yenye mzigo kwenye mlima Kitonga. Nawaheshimu, ila nadhani wanasahau walivyojifunza. Wengi wao walianza kama utingo. Kabla hawajaruhusiwa kugusa pedeli walikaa pembeni ya dereva kwa miezi au miaka, wakisikia injini inavyoshuka sauti klachi inaposhika, wakimwona mzee anavyosubiri sekunde moja kabla ya kuingiza gia, wakitumwa kumletea fundi spana huku giaboksi imeshushwa chini ya mwembe. Walipopewa usukani masikio yao yalikuwa yameshahitimu. Hayo yalikuwa mafunzo, tena marefu kuliko ya chuo chochote, yaliyokosa cheti tu. Kijana wa leo anayelipia masomo ya wiki chache kwenye gari moja hana miaka hiyo ya kusikiliza. Kumwambia atazoea kama walivyozoea wao ni kumdai matunda ya shamba ambalo hakupewa. Isitoshe, wale walioshindwa kuzoea, wakaunguza klachi za matajiri na kufukuzwa, hawapo kijiweni kusimulia upande wao.

Kuna na wale wanaosema shida ni gari, si dereva. Mara nyingine ni kweli tupu, na hapa ndipo kuzoea kwa upofu kunapokuwa hatari kuliko ujinga wenyewe. Mahali klachi inaposhika ni taarifa. Kwenye gari la klachi ya kebo isiyojirekebisha yenyewe, pleti inavyolika ndivyo sehemu ya kushika inavyopanda juu. Pedeli inayoshika karibu kabisa na mwisho wa kuachia inaomba kebo irekebishwe au pleti iangaliwe. Klachi ya mafuta hujirekebisha yenyewe kadiri pleti inavyolika, kwa hiyo ikianza kushika chini kabisa karibu na sakafu, huku gia zikilia kuingia, mshukiwa wa kwanza ni hewa kwenye mfumo au mafuta yanayovuja. Kutetemeka wakati wa kuondoka kunaweza kutokana na oili iliyodondokea pleti, au raba za injini zilizochoka. Injini ikipandisha mizunguko kwenye gia kubwa bila gari kuongeza kasi, pleti inateleza na haina siku nyingi. Dereva aliyejifunza kuisoma klachi huyaona mabadiliko hayo mapema kwa mguu. Aliyezoea tu, mwili wake umeshajirekebisha kimyakimya: leo anaachia juu zaidi, kesho anaongeza resi, na akiulizwa na fundi gari lina nini anajibu kwamba liko vizuri. Ubovu mmoja hasa haufai kuzoewa hata kwa siku moja, nao ni klachi isiyoachia kabisa. Gari linasogea mbele ingawa pedeli iko sakafuni na dereva anaamini amelitenga na injini. Mbele ya kivuko cha watoto wa shule, aliyezoea kulizuia kwa breki bila kuuliza sababu amebakiza kosa dogo moja tu. Katika baadhi ya magari, tena, breki na klachi hutumia kopo moja la mafuta, kwa hiyo uvujaji upande mmoja si jambo la kusema tutaangalia mwisho wa mwezi.

Na wale wa otomatiki? Watauliza kwa nini gazeti lipoteze nafasi kwa kitu kinachokufa. Mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi imejaa magari madogo yaliyotumika Japani, mengi yao ya otomatiki, na mwenye uwezo wa kununua gari lake anaweza kuishi miaka bila kuigusa klachi. Lakini anayetafuta ajira ya udereva hachagui. Malori ya mizigo, Hiace za abiria, pikapu za kazini na matrekta bado, kwa sehemu kubwa, ni ya gia za mkono, tena mengine yameshapita mikononi mwa madereva kadhaa waliozoea kila mmoja kwa namna yake. Kwa hiyo kuenea kwa otomatiki kunaifanya hoja yangu iwe nzito zaidi, maana watu sasa wanakutana na klachi wakiwa wamechelewa, wakiwa na leseni mfukoni, kwenye gari kuukuu la mwajiri, na mguu wa kushoto ambao haujawahi kupewa kazi yoyote. Uingereza waliliona jambo hili zamani: anayefanyia mtihani kwenye gari la otomatiki hupewa leseni ya otomatiki, na akitaka la manyuali anarudi kutahiniwa. Sidai tuige utaratibu huo hapa kwetu kesho asubuhi. Ungewaongezea gharama watu ambao tayari wanakopa kulipia masomo. Ninachotaka kionekane ni kwamba huko klachi ni ujuzi unaopimwa, haisubiriwi kama mvua.

Kinachowezekana bila sheria mpya ni kidogo na hakina gharama kubwa. Chuo cha udereva chenye gari moja la kufundishia kinamfundisha mwanafunzi klachi ya gari lile tu, na mwanafunzi anahitimu akidhani pedeli zote duniani hushika katikati. Kikiwa na magari mawili yasiyofanana, hata kama la pili ni pikapu chakavu isiyotoka nje ya uwanja, somo la pili linaanza kwa kubadilishana. Mtahini anaweza kumwomba mtahiniwa alitembeze gari mita chache bila mafuta kabla ya kwenda barabarani. Atajua mengi kwa dakika moja kuliko kwa mzunguko mzima wa kuangalia nani amewasha indiketa. Na mwajiri, ambaye ndiye anayenunua pleti, ana sababu ya mfukoni kabisa ya kumpa dereva mpya nusu saa uwanjani na gari kabla ya kumkabidhi karatasi ya safari, kisha amuulize swali ambalo sasa haliulizwi: klachi ya gari hili inashika wapi, na jana ilishika wapi? Dereva akijibu kwamba ameshaizoea, aulizwe tena.